Mbayuwayu Hajibu

Hamaura, 18 Novemba

Mwanangu Naoyuki,

Pokea salamu za nyumbani zikiwa bado moto. Baba yako amesema nisikuandikie zake kwa kuwa atakupigia simu mwenyewe, nawe unajua, na mimi najua, kwamba hatapiga. Hatujambo sote. Mlima umetema majivu wiki nzima, nguo naanika ndani, viazi vitamu tumeshachimba. Yule ng'ombe mwenye kidoa amezaa dume, na daktari wa mifugo anasema mwaka huu hajaona ndama mwenye mgongo mnyoofu namna ile. Nikamwambia nyumba hii haizai vitu vya kawaida. Akacheka, lakini alijua namsema nani.

Juzi kwenye mkutano wa akina mama nimekusifu tena, usinikataze. Bibi Sakoda alianza yeye, eti mjukuu wake amepata kazi benki. Nikamwambia, "Hongera shoga, benki ni kazi nzuri, iko karibu. Kazi ya wa kwangu iko mbele ya Mirihi." Mimi niliyeishia darasa la tisa nikaenda kupasua samaki kiwandani, nimezaa mtu anayesema na chombo kinachozunguka jiwe huko juu, na chombo kinamtii. Baba yako tuko naye meza moja na hanitii. Tena kiliporuka kwenda angani hapa mlimani kwetu, nani aliyekuwa wa kwanza kuisikia sauti yake? Wewe. Watu wa Hamaura hawasahau, na wakitaka kusahau mimi nipo.

Sasa niseme kilichonikalisha na kalamu. Televisheni imesema Mbayuwayu, hicho chombo chenu, anaumwa. Mtangazaji alisema "siku zake za mwisho" huku anatabasamu kama anayetangaza mvua. Lakini Mbayuwayu si mwanangu. Hukuja Agosti kuwapokea marehemu wetu wanaporudi kututembelea, na hujawahi kukosa. Nakumbuka mazishi ya mkubwa wako wa kazi, Bwana Hidaka, mwezi wa nne. Mkewe alinishika mkono akaniambia kwamba miezi ile ya mwisho mumewe alikuwa na jibu moja tu: mambo yakitulia nitapumzika. Wakamkuta asubuhi ameinamia meza ya kazi, wakadhani amelala. Mwezi wa tisa, kwenye simu, umenijibu maneno hayo hayo. Nilikaa chini jikoni, mwanangu.

Unakula? Unalala wapi? Nijibu kama unavyomjibu mama, usinijibu kama unavyowajibu waandishi.

Na jambo jingine. Ile hirizi nyekundu ya hekalu letu niliyowapa siku kiliporuka, mngali mmeitundika kwenye mtambo? Mtu mzima yeyote anajua hirizi ni ya mwaka mmoja. Ikishachoka inarudishwa, inachomwa kwa heshima. Ninyi mnaivuta mwaka wa kumi na nne. Nitumie kabla ya moto wetu wa tarehe saba Januari, nami nitakutumia mpya.

Ndani ya kifurushi kuna kababu za samaki na achari ya figili. Usiwape watu kabla hujala wewe.

Mama yako, Kinue


Sagamihara, 3 Desemba

Mama,

Nakuamkia, wewe na Baba. Huku miti ya njiani imebaki vijiti vitupu na asubuhi maji yanaganda kwenye ndoo za wafagiaji. Kifurushi kimefika salama. Kababu zilikuwa tamu kama siku zote. Mpe ndama hongera zake.

Mbayuwayu alitengenezwa adumu miaka mitatu. Ndani yake kuna magurudumu ya kumsawazisha asipepesuke, na limebaki moja. Kipimo cha mafuta kinasema hamna kitu tangu mwaka juzi, naye anaendelea. Hatujui anaendelea na nini. Akipepesuka, paneli zake zitaacha kulitazama jua, betri itapoa, na ikipoa sana haitaamka. Kwa hiyo kutwa tunamrekebisha. Ni kama kumwambia mtu aliye kwenye ngazi "angalia hapo", na neno lako linamfikia nusu saa baadaye.

Bwana Hidaka alikuwa na maradhi ya moyo. Mambo mawili tofauti.

Kuhusu hirizi, haiwezekani. Chumba hiki kimejaa wataalamu wa fizikia. Hakuna hata mmoja anayeamini hirizi, na hakuna hata mmoja atakayekubali iguswe. Kuna fundi umeme aliwahi kuisogeza apitishe waya. Mkuu wetu alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, mpaka alipoirudisha mahali pake.

Mwaka Mpya sitaweza kuja. Mambo yakitulia nitapumzika.

Naoyuki


Hamaura, 12 Desemba

Mwanangu,

Hatujambo, baba yako ana mafua tu na anayatangaza kijiji kizima.

Umeyaandika tena maneno yale. Barua yote nimeisoma nikiwa nimesimama, nilipofika mstari wa mwisho nikaikunja nikaiweka chini ya gunia la mchele, kana kwamba ikikaa pale haitafanya kitu.

Nimempigia mke wa Bwana Hidaka. Sikumwambia sababu, nilisema namsalimia kwa mwisho wa mwaka. Kumbe anajua. Aliniuliza, "Bado anasema mizaha?" Nikasema ndiyo, anasema. Akasema, "Basi bado mapema, Mama Naoyuki. Wangu mizaha ilikwisha kwanza." Tangu siku hiyo barua zako nazipekua kutafuta mzaha. Ile ya mtu wa kwenye ngazi nimeihesabu kuwa mzaha. Nusu mzaha.

Hirizi mpya hii hapa. Mwanangu, mimi chombo siwezi kukifikia, betri siijui, wewe mwenyewe nikikupigia naambiwa uko kazini. Katika mambo yote haya kitu kinachoenea mkononi mwangu ni hicho kimfuko cha kitambaa. Nitumie nikichome kama inavyotakiwa. Naogopa kitu kilichochoka kukaa karibu na kichwa chako.

Mama


Sagamihara, 27 Desemba

Mama,

Nakuamkieni kwa kufunga mwaka. Nawatakia Mwaka Mpya wenye maziwa mengi.

Hii hapa. Nimeitoa mwenyewe wenzangu walipokwenda kula, nikaitundika mpya mahali pake. Ile ya zamani ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Nilipoishika nilijiona mwizi. Sijamwambia mtu. Ichomeni vizuri.

Uliuliza nalala wapi. Hapa kituoni kazini kuna kitanda. Ni kizuri.

Naoyuki


Hamaura, 8 Januari

Mwanangu Naoyuki, fahari ya Hamaura,

Heri ya mwaka. Mchele wa mochi tumetwanga sisi wenyewe, baba yako ameponda kidole gumba na ameacha mafua, sasa anatangaza kidole.

Nikusimulie moto wa jana. Vijana wa zimamoto walisimamisha minara ya mianzi kule mchangani, mikubwa kuliko ya mwaka jana, na kila nyumba ikaleta mapambo yake na hirizi zake. Nilivaa koti zuri. Hirizi yako niliibeba juu ya kitambaa cheupe, mikono miwili, watu wakanipisha. Bibi Sakoda macho yakamtoka.

"Kinue, hiyo si ile ya Mbayuwayu?"

"Ndiyo yenyewe. Imetoka Sagamihara kwa posta ya haraka."

"Na unaichoma? Kile chombo si kigonjwa?"

"Ndiyo maana. Kazi imefanya miaka kumi na nne, yako wewe hata mwaka haimalizi."

"Yangu ni ya kunilinda nisiteleze bafuni."

Baba yako akadakia, "Basi kairudishe dukani, si uliteleza juzi?"

Tukacheka mpaka mwenye kuwasha akatufokea. Nikaitupa katikati kabisa, nikainamisha kichwa, nikamtaja Mbayuwayu na nikakutaja wewe. Wewe nilikutaja mara mbili. Halafu mianzi ikaanza kupasuka, unajua inavyopasuka, pa, pa, mashetani yakimbie, na mmoja ukapasuka kwa kishindo mpaka mtoto wa posta akaanza kulia. Nikasema moyoni, haya, limeondoka. Nimelala usingizi mtamu, wa kwanza tangu Novemba.

Sasa utaona mambo yatakavyokuwa.

Mama yako


Hamaura, 21 Januari

Naoyuki,

Hatujambo. Natumai nawe hujambo.

Jana televisheni imesema Mbayuwayu hajibu tangu jioni ya tarehe saba.

Nilikuwa na bakuli mkononi. Baba yako alizima televisheni, akasema, "Si kwa sababu ya moto." Mimi nilikuwa sijasema kitu. Kama yeye amelifikiria bila mimi kulisema, basi na wengine wamelifikiria. Dukani leo wamenisalimu vizuri kupita kiasi. Bibi Sakoda ameniletea figili tatu na hakunitania hata neno moja, na mwanamke yule kuacha kunitania ni jambo la kutisha.

Mwanangu, nimeichoma mimi. Nilikuomba mara mbili, ukakataa, ukanipa kwa sababu ni mama yako. Labda zilikuwa zimeshikana, hirizi na chombo, kwa muda wote ule, mimi nikazitenganisha kwa ujuaji wangu. Wenzako wakijua watakutazamaje?

Nimepiga simu kituoni kukuulizia wewe. Mwanamke mmoja, sauti ya adabu sana, akasema, "Bwana Arimura yuko kazini." Nikauliza jana alikwenda nyumbani? Akasema tena, "Yuko kazini, mama." Hata mke wa Bwana Hidaka, asubuhi ile alipopiga, aliambiwa yuko kazini.

Nitukane ukipenda, lakini niandikie.

Mama


Sagamihara, 7 Februari

Mama,

Nakuamkia. Nisamehe kwa kimya.

Si hirizi. Gurudumu la mwisho lilikuwa likikwaruza tangu kabla ya Mwaka Mpya, sikukuandikia. Lingekwama moto uwepo usiwepo. Tafadhali wafikishie na wa dukani.

Wenzangu wameiona ile mpya. Hakuna aliyeuliza. Mizoguchi, dada anayekaa kushoto kwangu, aliitazama, akanitazama, kisha akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Kila siku dishi kubwa la milimani linapomwelekea, tunamwita. Namwita mimi. Wengi wamekwisha pangiwa kazi nyingine, si vibaya, chombo kimoja hakiwezi kushika watu wote. Mkuu amesema tupumzike kwa zamu. Zamu yangu ya kupumzika nimempa mwenye mtoto mchanga.

Nakula. Kifurushi cha Januari kimefika, samaki walikuwa watamu.

Naoyuki


Hamaura, 2 Machi

Mwanangu, kipenzi changu, bingwa,

Nakuandikia mikono ikinuka kunde. Baba yako hajambo, ndama hajambo, miti ya plamu imechanua, mimi sijambo kuliko wote.

Amepatikana. Kaisema yule yule mtangazaji wa tabasamu, na safari hii nimemsamehe meno yake. Eti baada ya wiki zote zile imesikika sauti yake, nyembamba lakini yake. Na aliyeisikia, hata wasitaje jina, nani mwingine? Nilitoka nje na ndara za jikoni nikapiga kelele barabarani. Baba yako amekwenda kuwaambia ng'ombe.

Nimepika wali mwekundu wa kunde, ule wa siku za furaha, sufuria ile ya harusi, nikagawa nyumba kwa nyumba. Kila mlango nimekiri: ndiyo, niliichoma mimi, na niliogopa. Bibi Sakoda akasema, "Wewe tunajua uliogopa, ulikuwa umekonda sura kama bahasha." Kisha akaomba bakuli la pili, akaanza tena habari za benki. Dunia imerudi kama ilivyokuwa.

Sasa mmempata, mtamtibu, nawe utakuja nyumbani ulale. Nimelitoa godoro lako juani.

Mama yako mwenye mwana


Sagamihara, 11 Machi

Mama,

Nakuamkia, na Baba.

Nilitaka kukuwahi kabla ya wali mwekundu.

Kumpata si kumponya. Anazunguka hovyo kama pia inayokaribia kuanguka. Kila anapogeuka, jua linamgusa kidogo, anapata nguvu ya kutoa sauti, kisha anapoa tena. Hawezi kurekebishwa. Na kuna sheria: chombo kilichokwisha hakiachwi na redio yake wazi, kwa sababu kitawasumbua wengine wanaotumia njia hiyo hiyo baada yetu. Asingesikika tena, tungefunga tu milango, tukasema ametupotea. Sasa anasikika, na anatusikia, kwa hiyo lazima azimwe. Itakuwa tarehe ishirini na nne, mchana.

Atakayetuma amri ni mimi. Unakumbuka karamu ya usiku ule aliporuka, pale ukumbini Hamaura, wewe na akina mama mkipakua supu? Bwana Hidaka alisimama na kikombe chake akasema aliyemsikia wa kwanza ndiye atakayemuaga wa mwisho. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Tulidhani ni miaka mitatu, na tulikuwa tumelewa. Lakini amekufa na neno lake lipo, na hakuna humu atakayelivunja. Mkuu aliniuliza kama naweza. Nikasema naweza.

Siku yenyewe siiwazi. Nawaza asubuhi ya pili yake. Najaribu kuiona: dirisha, ukuta, birika. Vitu vyote naviona, mimi simo.

Usihangaike. Ni uchovu.

Naoyuki


Sagamihara, kwenye meza yako, 24 Machi

Mwanangu Naoyuki,

Ukifungua mlango ukakuta taa inawaka, usishtuke, ni mimi. Na ukikuta nimesinzia, soma hii kwanza.

Nilikisoma kile kipande cha birika na ukuta nikiwa zizini. Nilimpa baba yako. Alisoma taratibu, unavyomjua, akairudia, akasema, "Nenda. Ng'ombe nitawaangalia." Kidole chake bado kibaya, lakini kwenye kituo cha basi alipiga magoti akanifunga kamba za viatu. Hajawahi kunifunga viatu tangu anioe. Ndipo nilipojua na yeye anaogopa.

Ndege nimepanda kwa mara ya kwanza, nitakusimulia siku nyingine jinsi nilivyomshika mkono bwana mmoja nisiyemjua.

Msimamizi wa nyumba amenifungulia. Nimemwonyesha picha yako niliyonayo kwenye pochi, ile ya gazeti. Naoyuki, nimekuta vifurushi vyangu vyote nyuma ya mlango. Cha Novemba, cha Desemba, cha Januari, cha juzi. Kamba zangu hazijafunguliwa hata moja. Uliniandikia samaki walikuwa watamu. Jokofu lako lina chupa ya maji na betri za saa. Nimesimama hapo nikapata baridi kama nimeangukia mtoni. Siyo kwamba umenidanganya. Watoto hudanganya, ni kazi yao. Ila ulikuwa unakaa chini, unawaza mama angependa kusikia nini, unaandika, kisha unarudi kule. Mara ngapi umefanya hivyo na mimi nikajibu na kujisifu?

Nilikwenda kituoni kwenu mchana. Mlinzi wa getini akaniambia, "Mama, leo hawapokei wageni." Nikamwambia, "Mimi si mgeni. Mimi ni mama wa anayezima." Mzee yule akavua kofia. Akasema hawezi kuniingiza, lakini akanipa kiti chake, akasimama yeye. Tulikaa pale. Tulizungumza habari za magoti. Baadaye watu wakaanza kutoka, macho mekundu, wawili wawili. Wewe hukutoka. Mlinzi akapiga simu ndani, wakasema Bwana Arimura ameshaondoka kwa mlango wa nyuma, anaelekea stesheni.

Nikarudi hapa mbio, kama miguu yangu inajua mbio. Hukuwa hapa.

Jua limeshuka nyuma ya majengo. Kutoka stesheni mpaka hapa nimeona mwenyewe si mbali, ni umbali wa kutoka kwetu hadi dukani. Nimechemsha wali, umepoa, nimechemsha mwingine. Kila lifti ikisimama nasimama. Nimempigia baba yako, hakuniuliza kitu, ananisikiliza navuta pumzi tu.

Nimekuwa nikikusifu tangu ulipojua kusoma. Naogopa nimekupandisha juu sana, ukaona aibu kuniita nikushushe. Basi nisikie. Sina haja na mtu wa Mirihi. Ukiacha kazi kesho, ukaja kufagia zizi, nitakwenda kujisifu kwamba hakuna zizi linalofagiliwa kama letu. Unanijua, sitashindwa.

Rudi tu. Njoo na njaa, njoo bila kusema kitu.

Mama


Hapa hapa, tarehe hiyo hiyo

Mama,

Umelala kwenye meza, shavu juu ya kalamu. Sikukuamsha. Nimekufunika blanketi, nikasoma, na ninaandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitasema kwamba sijambo.

Mbayuwayu alikuwepo kwenye kioo cha mtambo, mstari mwembamba kama uzi wa buibui. Nikatuma amri. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Tulisimama wote, hakuna aliyekaa, tukautazama ule mstari. Ile nusu ya pili alikuwa amekwisha zimika, na sisi tunamwona bado yupo. Halafu hatukumwona. Mkuu akasema asanteni kwa kazi. Tukainama. Mizoguchi akalia kwa sauti. Mimi nilichukua kitambaa nikaanza kufuta kioo, nikafuta, mpaka mtu akanishika mkono.

Nilikwenda stesheni. Nilikaa kwenye benchi la mwisho, kule mbele ambako watu hawafiki. Treni nyingi zimepita. Barua ya kukuandikia nilikuwa nimeshaitunga kichwani: kazi imekwisha vizuri, msiwe na wasiwasi, salamu kwa ndama. Ilikuwa barua nzuri. Nikawa sina karatasi ya kuiandikia, ndiyo nikainuka nije kuchukua karatasi, nikaona dirisha langu lina taa.

Mama, siko sawa. Sijui tangu lini. Naogopa kulala na naogopa kuamka.

Usirudi nyumbani kesho. Mpigie Baba umwambie nimeingia, najua amekaa na simu. Halafu tutafute daktari. Mimi sitaweza kumweleza, utaeleza wewe, ukitaka jisifu kidogo. Nimekula wali wako. Ule wa kwanza, uliopoa.

Asubuhi nikiamka kabla yako ukasikia navaa viatu, niulize nakwenda wapi. Nikikujibu "kazini", funga mlango ukae mbele yake.

Naoyuki